Boti ya mama ilikuwa na jina la mwanaume



Tarehe 18 Mei ni siku ya wanawake wenye kufanya kazi kwenye meli na bandari. Iliwekwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa lenye kusimamia usafiri wa baharini, na ilisherehekewa mara ya kwanza mwaka 2022. Nilipoitangaza kwenye redio, baba mmoja alinipigia simu akicheka: «Mwana, sisi bahari yetu iko wapi?»

Baba, bahari yetu ni Lualaba. Ni ziwa Upemba na ziwa Kisale. Tangu reli ilipofika Bukama mwaka 1918, mizigo inashuka kwenye treni na kuingia kwenye boti, na nyingine inatoka kwenye boti na kupanda treni. Samaki mkavu mwenye kuuzwa sokoni kwetu hakuja na mabawa. Alipita kwenye maji, na karibu kila mara alipita katika mikono ya mwanamke.

Mimi nilikulia kwenye maji hayo. Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama alikuwa ananunua samaki kambini kwa wavuvi, anawakausha, anawapeleka Bukama kwa balenieri. Kwa pesa ya likelemba na akiba ya miaka mingi, alinunua mbao, akalipa maseremala, akanunua motere. Boti ilikuwa yake. Lakini siku ya kuandikisha makaratasi aliulizwa: «Mwanaume wako ni nani?» Akasema amekufa. Wakaandika jina la ndugu ya baba. Kwenye daftari la safari, mama aliandikwa abiria. Abiria, ndani ya boti aliyoijenga mwenyewe!

Dada yangu mkubwa alikuwa anajua kufungua ile motere na kuirudisha kuliko mabaharia wote wawili. Hawakumwacha ashike usukani hata siku moja. Walisema mwanamke akikaa nyuma ya boti, samaki watakimbia na upepo utaamka. Lakini motere ikizimika katikati ya ziwa, walimwita yeye, na upepo haukuamka.

Mwisho wa mwaka 2005, vita kati ya wanajeshi na Mai-Mai vilitufukuza kama vilivyofukuza maelfu ya watu upande wa Mitwaba na Upemba. Tulikimbia na sufuria mbili na blanketi. Utulivu uliporudi, mama alikwenda kutafuta boti yake. Akakuta imeuzwa. Mwenye jina kwenye karatasi alikuwa ameweka sahihi. Mama hakuwa na kitu cha kuonyesha. Wanaume waliopoteza mitumbwi yao walikuwa na pa kulalamika. Yeye aliambiwa arudi na mwenye mali.

Leo mambo kwenye sheria yamegeuka. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaiamuru serikali iondoe kila namna ya ubaguzi juu ya wanawake. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inahusu usawa huo. Na Sheria ya Familia ya 1987, ambayo ilikuwa inamlazimisha mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake mbele ya kuweka sahihi kwenye mapatano, ilirekebishwa mwezi wa Julai 2016. Ruhusa hiyo haiombwi tena. Mama mwenye kusoma hapa ajue: unaweza kununua boti, na jina likawa lako.

Shida hii si yetu peke yetu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba kati ya mabaharia 100 wa meli za dunia, mwanamke ni 1 tu na kidogo. Kwa hiyo wenzetu walijiunga. Mwaka 2007, kule Mombasa, wanawake wa kazi za bahari wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini walianzisha chama chao, WOMESA.

Nami nina kosa la kuungama. Kila mara boti ilipozama, nilienda na mikrofoni kwa nahodha na kwa wakubwa wa bandari. Wamama waliopoteza magunia, na wengine watoto, niliwahesabu tu. Sikuwauliza kama waliona boti imejazwa kupita kiasi. Waliona. Wao ndio wenye kupakia.

Kwenu familia zenye kuhama, najua kuna wamama kati yenu walioacha mitumbwi, nyavu na motere. Mkianza tena, hata kwa mtumbwi mdogo, andikeni karatasi yenye jina la aliyetoa pesa, na mashahidi wawili. Wababa, binti akitaka kujifunza motere, mwacheni ajifunze. Siku ya dhoruba hakuna atakayeuliza kama fundi ni mwanaume au mwanamke.

Mama angali anauza samaki sokoni, juu ya meza ndogo. Mwaka huu alinunua mtumbwi wa pili kwa mkono. Alinileta nisome karatasi kwa sauti, mara mbili. Jina ni lake.