Jambia la Marehemu Baba

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya visu vyangu, kwani kila anayefika nyumbani kwetu hapa Ilford huviuliza: umevipata wapi, unaviwekaje, na polisi je, huwaogopi? Nitajibu yote matatu. Lakini kwanza nitaeleza jambo lililonifika mlangoni asubuhi moja, maana pasi na hilo nisingeshika kalamu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka 13. Siku za skuli hulala kwetu, kwa kuwa mama yake hufanya kazi zamu za usiku. Asubuhi ile alinipa shikamoo yake, akawa anatoka mbio kuwahi basi. Begi likagonga kizingiti, likalia chuma. Nikamwambia, "Hebu fungua." Baina ya madaftari mlikuwa na jambia la marehemu baba yangu, limezongwa taulo.

"Babu, leo kila mtu anapeleka kitu cha kwao," akasema. "Cha kwetu si hiki?"

Miguu ilinilegea. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1988 inamkataza mtu kuchukua kisu hadharani bila ya sababu ya haki; kinachoachiwa ni kile kidogo cha kukunja, ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Mwaka 1996 majengo ya skuli nayo yakaingizwa. Na hapa Uingereza mtoto wa miaka 10 anaweza kushitakiwa. Ni kweli kuwa sheria hiyo hiyo inalitaja vazi la taifa kuwa ni udhuru, na mwanangu alivaa jambia siku ya harusi yake, lakini nani angemweleza askari hayo kituoni pa basi, mtoto amevaa sare ya skuli? Mwaka ule ule kijana wa mtaa wa pili alikuwa ameuliwa kwa kisu. Tulikwenda kumpa pole mama yake. Mimi nilikaa pale bila ya neno la kusema.

Nikamvua begi, nikalitoa jambia, nikampa badala yake picha ya baba yangu amevaa joho, mahazamu kiunoni, na jambia mbele. Alikwenda nayo amenuna.

Sasa nieleze visu vyenyewe. Vyote ni saba. Majambia ni mawili, la baba na jengine la mjomba, aina ya Oman: ala imepinda, imevishwa ngozi na fedha, na chuma kina mgongo katikati. Ipo kotama ya mgema, niliyopewa na mzee mmoja wa shamba nilipokuwa mwalimu mchanga Unguja. Ipo sime kutoka bara, na visu viwili vya jikoni vya marehemu mama, vimelika kwa kunolewa mpaka vimekuwa kama sindano. Cha saba ni kisu kidogo chenye mpini wa pembe ya ndovu. Hicho hakiuzwi, sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imefunga biashara hiyo ila kwa machache yaliyosamehewa. Kurithisha hakukukatazwa.

Nilipofika huku mwaka 1988 niliviangika sebuleni, juu ya moto wa gesi, nikaona fahari. Nilikosea mara tatu. Kwanza, ule ulikuwa ukuta wa nje. Wakati wa baridi mvuke wa jikoni hushika kwenye ukuta wa namna hiyo, ukatona maji, na chuma kikaota kutu. Pili, niliyaacha majambia ndani ya ala miaka na miaka. Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizosindikiwa ngozi hula chuma. Nilipolichomoa la mjomba lilikuwa na madoa kama ndui. Tatu, pazia likifunguliwa, mpita njia yeyote aliyaona.

Leo vimo ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, chumba cha juu, ukuta wa ndani. Chuma hulala nje, ala ubavuni mwake. Vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu nimevitia pembeni. Kila baada ya miezi mitatu navipangusa kwa kitambaa cha pamba na mafuta mepesi, na sishiki chuma kwa kidole kitupu, maana jasho lina chumvi. Fedha huingia weusi kwa salfa iliyomo hewani, kwa hiyo msiizonge kwa sufi wala kuiweka karibu na mpira. Na mtafurahi kusikia kuwa Wajapani, wanaojua kutunza panga kuliko watu wengi, hupaka mafuta yaliyotiwa harufu ya karafuu.

Ama polisi, tangu Julai 2021 zipo silaha ambazo hata nyumbani ni haramu kuziweka, na mwaka 2024 zikaongezwa nyengine. Jambia la kawaida halimo. Hata hivyo nimeandika orodha, na picha ya kila kimoja, ili watoto wajue wanachorithi.

Mke wangu alitaka vyote viondoke nyumbani baada ya asubuhi ile. "Mtoto akililia wembe mpe, wamesema wahenga," nikamtania. Akanijibu, "Wahenga hawakuwa na mjukuu Ilford." Sikuwa na jibu.

Jioni mtoto aliporudi nilimkalisha nikamweleza nisilowahi kumweleza hata baba yake. Januari 1964 nilikuwa na miaka mitano. Watu walikuwa wakipekua majumba kutafuta silaha, na mwenye jambia alikuwa amejitaja mwenyewe kuwa ni nani. Mama alilizamisha jambia la baba ndani ya pipa la mchele. Walipoingia, mimi nilikuwa nimeketi juu ya pipa lile, na mama alikuwa amenambia nisiteremke mpaka aniite. Sikuteremka. Hata walipokwisha kwenda zao, sikuteremka.

Mtoto alinyamaza kimya kirefu, halafu akauliza, "Kwa hivyo, Babu, asubuhi ulinificha mimi au ulilificha jambia?"

Nikamwambia, "Wewe. Jambia ni chuma."

Mke wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Kabati limebaki, lakini ufunguo anaweka yeye. Ikifika zamu ya kupangusa, mjukuu huja na kitambaa, bibi yake hufungua, nami husimulia. Tukimaliza hufunga mwenyewe na kwenda na ufunguo wake.

Enyi wenye vitu kama hivi makabatini, viandikeni, vitieni kufuli, kisha wasimulieni watoto kabla hawajavichukua wenyewe. Mungu awahifadhi vijana wetu na wa jirani zetu.