Kadi ya Fundi na Amana ya Fundi

Kila ifikapo Oktoba, wakati ambapo wakulima wadogo wa majani chai hulipwa bonasi yao na KTDA, barabara za Kericho na Bomet hujaa malori ya mchanga na kokoto. Kutoka Litein hadi Kapkoros, mwenye nyumba ya mabati hutamani ya mawe, na mwenye ya mawe hutamani kumwongezea chumba kijana wake anayetaka kuoa. Msimu huo ndio pia msimu wa mafundi. Hutokea kila pembe, wajuzi na wasio wajuzi, na baadhi yao siku hizi huning'iniza shingoni kadi yenye picha, mhuri na jina la chama. Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa huku na kazi ya kusomesha madrasa, na kwa kuwa watu humdhania mwalimu anajua kila kitu, swali hili limenifikia mara nyingi, aghalabu kutoka kwa akina mama: Sheikh, fundi huyu ana kadi ya chama, je, nimwamini?

Si swali dogo. Mume yuko Nairobi au Ghuba, au ametangulia mbele ya haki, na mama ndiye anayesimama uwanjani na fedha mkononi. Nyumba hujengwa mara moja katika umri. Familia moja ninayoijua ilimpa mjenzi zaidi ya nusu ya malipo yote kama arubuni, kwa sababu tu ya kadi yake. Msingi ulichimbwa, ukajaa maji ya mvua, na mjenzi hakuonekana tena. Walipokwenda kushitaki kwenye chama chake, waliambiwa kwa upole kwamba uanachama wake ulikwisha miaka miwili nyuma. Kadi haikuwa imeandikwa tarehe ya mwisho. Watoto wa nyumba ile walilala jikoni muda wote wa mvua za masika.

Lakini kuitupa kadi kwa sababu hiyo ni dhuluma nyingine. Kwanza yafaa mtu ajue ni kadi gani aliyooneshwa, kwani hazilingani. Iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, inayojulikana kwa herufi NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hiyo si chama cha kujiunga kwa hiari. Ni chombo cha serikali. Huwasajili wakandarasi kwa madaraja 8, la kwanza likiwa la juu kabisa na la nane la chini, na leseni ya mkandarasi huhuishwa kila mwaka. Hata mwashi na msimamizi wa kazi huweza kutambuliwa nayo. Daftari la wakandarasi hao laweza kutazamwa kwenye tovuti ya Mamlaka, na kijana yeyote wa shule ya sekondari atamtazamia mama yake kwa simu. Viko kisha vyama vya hiari: vya wakandarasi wakubwa, ambavyo wanachama wake ni makampuni, na vya jua kali, ambavyo kila mji una chake. Na iko karatasi ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ni cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, kinachotolewa kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Hiki hakisemi mtu ni mwanachama wa nani. Kinasema alipewa kazi mbele ya mtahini akaifanya. Binafsi nakithamini kuliko kadi nyingi zenye rangi za kupendeza.

Usajili una manufaa yake, asiyekiri hilo na akumbuke Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka katika mvua kubwa na kuua makumi ya watu. Lilijengwa bila idhini, karibu na mto. Palipo na mhandisi aliyesajiliwa, pana mtu mwenye jina la kupoteza.

Nduguzetu walioko Uingereza hunieleza kwamba huko kuna chama cha wajenzi, Federation of Master Builders, kilichoanzishwa mwaka 1941, nacho hukagua kazi ya mjenzi kabla ya kumpokea, na kina njia ya kupokea malalamiko ya wenye nyumba. Hapo ndipo penye maana. Uanachama una faida kwa mwenye nyumba kwa kadiri chama kinavyoweza kumbana mwanachama wake. Chama kinachopokea ada tu na kutoa kadi kimempa mwanachama pambo. Mwenye nyumba hakikumpa kitu. Mwulize basi mwenye kadi: ukinikosea, nitamwendea nani, na atakufanya nini? Akicheka, umepata jawabu.

Jambo hili si geni kwetu. Al-Shayzari, aliyeandika juu ya hisba katika karne ya 12 Miladia, ameeleza kwamba muhtasibu, kwa kuwa hawezi kuzijua kazi zote za sokoni, humteua arifu katika kila kazi, mtu mjuzi na mwaminifu miongoni mwa wenyewe, ili amfichulie hila zao. Angalieni: arifu alikuwa mtu wa kazi ile ile, lakini aliwajibika kwa muhtasibu, si kwa wenzake. Vyama vyetu vingi vina wajuzi. Kinachokosekana ni muhtasibu.

Na akina mama wasidhani kuchagua fundi ni elimu ya wanaume. Katika kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyana, ni binti aliyemshauri babake amwajiri mgeni yule, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wafasiri wanasema nguvu aliijua kwa kumwona akiwanywesheza wanyama wao, na uaminifu aliujua kwa adabu yake njiani. Hakuuliza nasaba wala kadi. Alitazama kazi, akatazama mwendo. Nguvu, kwa fundi, ni ujuzi wake, na huo karatasi yaweza kuushuhudia. Uaminifu hauna mtihani wa NITA. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alimkataa shahidi aliyemsifu mtu, baada ya kumwuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, na kama wameamiliana kwa dinari na dirhamu. Yule hakuwa na lolote katika hayo. Alimwona tu mwenziwe akirukuu na kusujudu. Nawaambia haya wale wanaoniletea fundi na kunitaka nimdhamini kwa kuwa anaswali safu ya mbele.

Mwaka huu mama mmoja mjane, mstaafu wa shamba la chai upande wa Bomet, alinijia na wawili. Mmoja alikuwa na kadi ya chama na cheti cha daraja la kwanza. Mwingine hakuwa na karatasi yoyote, ila alikuwa amejenga nyumba sita katika kijiji kile. Nilimshauri tusizungumze kwanza na mafundi, tuzungumze na wake wa nyumba zile sita, kwani mume hutazama ukuta siku ya kuhamia, lakini mke ndiye ajuaye mlango unaokwama na dari inayovuja. Tuliingia zote. Wanne walimsifu. Wa tano alisema alichelewa mno. Wa sita alitupeleka nyuma, akatuonesha ufa uliotoka juu ya dirisha hadi kwenye paa. Fundi hakuweka lenta ya kuzunguka nyumba nzima, ili kupunguza vyuma. Hata hivyo alikiri kwamba fundi alimwambia mapema, na mumewe ndiye aliyekataa kununua.

Yule mwenye kadi alitupa namba mbili za simu. Moja haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa na mtu ambaye, baada ya maswali machache, alibainika kuwa ni ndugu yake.

Mama akanigeukia akasema, "Sheikh, huyu wa pili anajua, na yule wa kwanza anasema kweli. Kwa nini nisiwatumie wote?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Alimpa asiye na karatasi ujenzi, na mwenye cheti akamlipa ujira wa siku tatu tu: siku ya kumwaga msingi, siku ya lenta, na siku ya kuezeka, aje akague na kutia sahihi. Mapatano yaliandikwa, kama tulivyoamrishwa katika mambo ya deni, na mashahidi wakaweka majina yao. Vifaa hununua mwenyewe. Malipo hutolewa kwa kila hatua iliyokwisha, na arubuni ilikuwa ya kununulia toroko na koleo tu.

Nilipopita wiki iliyopita, kuta zilikuwa zimefika lenta na vyuma vimefungwa pande zote nne. Wale mafundi wawili walikuwa wakibishana juu ya upana wa kona moja, na mama amekaa kwenye gunia la saruji akiwasikiliza. Sehemu ya kumi ya malipo ataibakisha mkononi mwake mpaka mvua ya Aprili iyapige mabati yale.