Zamani Hukumu Ilikuwa ya Pua

Nilipoingia kazi ya kufukua matangi ya zamani ya petroli Mombasa, miaka ya tisini ikianza, mchanga uliotoka shimoni haukuwa na kadhi mwingine ila pua ya msimamizi wetu, mzee wa Kisauni aliyezoeana na mafuta tangu ujana wake, ambaye aliinama juu ya lundo, akateka konzi moja, akaifikicha kwa vidole na kuinusa pasipo haraka, kisha akakata shauri kwa neno moja: "Pakieni," ama, "Wacheni." Uliopakiwa ulikwenda siku ile ile kujazia viwanja vya watu, maana mji ulikuwa ukitanuka na kifusi hakikosi mteja, uliowachwa ulitandazwa juani hata harufu ikafifia, na harufu ilipofifia nao pia ukapata mteja.

Simlaumu marhumu yule, kwani pua yake ilikuwa na maarifa ambayo wengi wetu hatukuyapata aushi: alipambanua petroli na dizeli, na dizeli na mafuta ya taa, kabla chepe halijafika juu. Lakini risasi haina harufu. Petroli ya zama zile ilitiwa kiungo chenye risasi ili injini isigonge, desturi ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia kuiacha katika mapatano ya Dakar ya 2001, zikaiacha mwanzoni mwa 2006. Na risasi hiyo haipandi hewani wala hailiwi na vijidudu kama petroli iliyoichukua, bali hubaki mchangani miaka nenda miaka rudi. Basi lundo lililotandazwa juani lilikuwa limepoteza shahidi, si kosa.

Sheria ya mazingira ya 1999, na kanuni za taka zilizoifuata 2006, ndizo zilizotuletea maabara, nasi tukamwona kwa mara ya kwanza binti aliyesomea kemia akipanda lundo na sanduku la barafu begani. Mzee alimwonyesha mchanga wa juu. "La, baba," akajibu kwa adabu, "hapo petroli imekwisha kupeperuka, nifukulie wa ndani." Akashuka kadiri ya dhiraa moja, akaushindilia mchanga katika chupa ya kioo hata usibaki upenyo wa hewa, akapangusa mdomo wa chupa ili kifuniko kikamate barabara, akaandika lebo, akaizika barafuni, akavua glavu na kuvaa nyingine kabla ya kugusa upande wa pili. Kwa ajili ya kupima madini kama risasi alichota pande zote za lundo akachanganya katika karai safi, kwa kuwa mpishi haonji wali kwa kutwaa ukoko peke yake. Lakini wa petroli alikataa katakata kuuchanganya, maana kila kuugeuza ni kuupa mvuke ruhusa ya kuondoka. Na kila mkono uliopokea sanduku, hata wa dereva, ulitia sahihi katika hati.

Kilichonishangaza zaidi ni kipimo cha Wamarekani ambacho baadhi ya waajiri wetu walikitaka: mchanga hutiwa katika maji yenye asidi ya siki, sehemu moja kwa ishirini, ukazungushwa kwa muda wa saa 18, kisha maji hayo ndiyo yapimwayo, na risasi ikizidi miligramu 5 kwa lita, mchanga huo huhesabiwa taka ya hatari. Haiulizwi risasi iliyomo ni kiasi gani. Huulizwa itakayotoka ni kiasi gani, mvua ikipenya jaani katikati ya takataka zinazooza. Nami naliona hilo kuwa swali la haki zaidi, ijapokuwa kontrakta, aliyekuwa akingoja majibu ya maabara huku akimlipa mlinzi wiki mbili tatu za masika ili lundo lisilowe na turubai lisiibwe (nalo liliibwa), hakuliona hivyo.

Siku hizi kuna kidude cha mkononi kinachopima mvuke badala ya pua ya mtu, jambo la heri, kwa kuwa benzini iliyomo petrolini ni sumu ya damu, na mzee wetu aliivuta miaka mingi bila ya kujua. Kidude nacho hakiijui risasi. Mchanga wenye dizeli kidogo hutandazwa mahali maalumu, ukageuzwa na kutiwa samadi hata vijidudu vikaula uchafu wake. Wenye risasi hauna tiba hiyo, aghalabu huchanganywa na saruji ili risasi isichuruzike, ndipo ukachukuliwa kuzikwa penye taka za hatari, na gharama ya safari hiyo ndiyo iliyowafundisha makontrakta kutenga malundo tangu siku ya kwanza ya kufukua, wa chini ya tangi mbali na wa pembeni mbali.