Ngoma Isiyotazamwa

Ni desturi ya mwanadamu kuutazama ustadi wa mwenziwe, akaupima na wake, kisha akarudi nyumbani na moyo mzito. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa Kalinzi, milimani juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka kwa mwaka kazi yangu ni ile ile: kuwashika watoto mikono waandike a, e, i, o, u. Mara nyingi nimejiuliza kama jambo hilo laweza kuitwa kipawa.

Siku moja ya soko walifika wapiga ngoma Warundi. Twasikilizana nao bila taabu, maana Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Walikuja kwa safu, ngoma nzito vichwani, nao wakizipiga huku wakitembea. Ngoma hizo huchongwa katika gogo la mti ambao wao huuita umuvugangoma, nasi kwa Kiswahili twauita mringaringa. Wakazipanga kwa nusu duara, na moja ikakaa katikati. Kijana akatoka mbele, akaruka hata magoti yakafika kifuani, akashuka na pigo lake bila kukosea. Wauza maharagwe na ndizi waliacha bidhaa zao wakamkimbilia. Nikasema moyoni, "Huyu ndiye mwenye kipawa."

Kwa kuwa watu walisongamana mbele, mimi nilisimama pembeni, karibu na wale wa nyuma. Hapo nikasikia vingine. Ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza mwendo, na ibishikizo huufuata. Lakini amashakwe hupiga pigo lile lile, bila kukoma. Mpigaji mmoja wa amashakwe alitiririkwa na jasho, wala hapakuwa na aliyemtazama. Warukaji walipokezana, mmoja akichoka mwingine akaingia, yeye hakupumzika. Kumbe wale waruka juu ya pigo la huyu! Akilegea, wao watapotea.

Zamani za wafalme wa Burundi, kazi hiyo ilikuwa ya koo maalum, mtoto akifunzwa na baba yake. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wala haikumtia mrukaji peke yake, bali ngoma zote pamoja na wazipigao.

Basi, ndugu zangu, sisemi haya ili tujifariji tu. Kazi isiyotazamwa si ruhusa ya uvivu. Pigo moja likikosewa, uwanja wote husikia. Mama apikaye kila jioni, baba apaliliaye mibuni, mwalimu na chaki yake, kila mmoja asijiulize, "Ni nani anitazamaye?" Na ajiulize, "Nikiacha leo, ni nani atakayepotewa na mwendo?" Akimwona mtu huyo, amekiona na kipawa chake. Na akitumie kwa bidii.