Nusu ya Nguruwe Katika Bonde la Shenandoah

Magharibi ya jimbo la Virginia, nchini Marekani, kati ya milima ya Blue Ridge iliyo upande wa mashariki na milima ya Allegheny iliyo upande wa magharibi, limelala bonde refu liitwalo Shenandoah. Mto wenye jina hilo hilo hutiririka kuelekea kaskazini hadi kuungana na mto Potomac mahali paitwapo Harpers Ferry. Ardhi yake imekaa juu ya mawe ya chokaa, na nyasi zake ni nene. Mtu wa Ankole, aliyezoea kuyatazama malisho kwa jicho la mfugaji, asingepita hapo bila kusimama.

Askari wasomao historia ya vita hulijua bonde hili kwa sababu nyingine. Wakati Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, lilikuwa ghala la chakula la majeshi ya Kusini. Ndiyo maana mwaka 1864 Jenerali Philip Sheridan wa jeshi la Kaskazini aliamuru maghala na vinu vya unga vichomwe moto na mifugo iswagwe, ili adui akose posho. Huko Lexington, kusini ya bonde, kipo chuo cha kijeshi kilichofunguliwa mwaka 1839, alikosoma Jenerali George Marshall. Hata hivyo wapo wageni watokao Washington, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, ambao hawaji kutazama makaburi ya vita. Huja na masanduku ya barafu nyuma ya gari, kuchukua nyama yao.

Neno hilo “yao” lina uzito wa sheria. Sheria ya ukaguzi wa nyama ya mwaka 1906 yataka kila mnyama ambaye nyama yake itauzwa achinjwe chini ya macho ya mkaguzi wa serikali. Machinjio ya namna hiyo ni machache, na aghalabu yako mbali na mkulima mwenye nguruwe kumi au ishirini tu. Lakini sheria iliacha mlango mmoja wazi. Mtu aweza kumpeleka mnyama wake kwa mchinjaji wa kijijini asiyekuwa na mkaguzi siku ya kuchinja, ingawa usafi wa jengo lake hutazamwa kwa vipindi, mradi nyama iliwe na mwenyewe, jamaa wa nyumbani mwake, wageni wake wasiolipa na wafanyakazi wake. Basi mkulima mdogo haiuzi nyama. Huuza nguruwe aliye hai, mzima, nusu au robo, na wanunuzi huwa ndio wenye nguruwe kabla kisu hakijamgusa. Kila kifurushi hupigwa muhuri usemao kwamba si cha kuuzwa, na anayemwuzia jirani hata kilo moja amevunja sheria.

Jambo hili halitakuwa geni sana kwa wasomaji wa Uganda, ambako majirani huchanga fedha mwaka mzima katika vikundi vya nyama ili wamnunue ng'ombe na kumgawana Krismasi ikifika. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Virginia hulipa arbuni wakati nguruwe angali mdogo, halafu hungoja miezi kadhaa.

Katika miezi hiyo nguruwe haishi bandani juu ya sakafu ya saruji. Hutiwa katika kipande cha malisho au msitu kilichozungushiwa waya wa umeme, kisha baada ya siku chache huhamishiwa kipande kingine kabla hajaigeuza ardhi kuwa tope tupu. Vuli ifikapo, mialoni huangusha mbegu zake, naye huziokota kwa bidii kubwa. Kivuli na dimbwi la matope ni vya lazima, kwani mnyama huyu hatoi jasho la kumpoza, na yule mwenye ngozi nyeupe huungua kwa jua. Isidhaniwe kwamba hushiba nyasi. Nguruwe si ng'ombe. Ana tumbo moja kama mtu, na sehemu kubwa ya chakula chake bado ni mahindi na soya. Mkulima asemaye kwamba nguruwe wake hula majani peke yake afaa kuulizwa maswali zaidi.

Penye kijiji cha Swoope, karibu na mji wa Staunton alikozaliwa Rais Woodrow Wilson mwaka 1856, liko shamba la Polyface, la jamaa ya Salatin, iliyolinunua mwaka 1961. Huko nguruwe wana kazi ya mshahara. Majira ya baridi ng'ombe hukaa bandani, na matandiko yao ya majani makavu na vipande vya miti huongezwa tabaka juu ya tabaka, huku punje za mahindi zikinyunyizwa katikati. Ng'ombe wakirudi malishoni, nguruwe huingizwa. Huchimbua kwa pua wakizitafuta punje zilizochachuka, na kwa kuchimbua huko samadi hupata hewa, ikawa mboji. Trekta haihitajiki.

Penye ugomvi ni kwenye mizani. Nguruwe wa kilo 113 akiwa hai hubaki takriban kilo 82 akishachinjwa na kuangikwa, na akishakatwa hutoa vifurushi vya kilo 60 hivi. Mwenye nusu hulipia kilo 41, akapeleka nyumbani kilo 30. Mama wa nyumba asiyeelezwa mapema hudhani ameibiwa. Hakuna aliyeiba: zimetoka mifupa, ngozi, mafuta na kichwa, na kama hakuyataka hayo mchinjaji hatayafunga. Tena mchinjaji hulipwa ujira wake peke yake, mbali na fedha za mkulima. Mnunuzi hupewa karatasi ajaze: paja lote likaushwe kwa chumvi au likatwe, bega lisagwe kwa soseji au lichomwe zima, mafuta yatolewe au yatupwe. Kutupa mafuta meupe yafaayo kukaangia ni ubadhirifu. Kilo 30 hutaka friza yenye nafasi ya lita 60 hivi. Humo, soseji na bekoni ziliwe kwanza, maana mafuta yenye chumvi huchacha upesi hata yakiwa yamegandishwa. Katika kambi isiyo na friza, nguruwe mmoja yafaa agawanywe kwa nyumba nyingi zaidi, kila moja fungu la siku mbili. Wale ambao dini imewakataza nyama hii wajue kwamba Wamarekani hugawana na ng'ombe kwa njia iyo hiyo.

Mtu asichukue mfano wa malisho akamfungulia nguruwe wake azurure Uganda. Nguruwe azururaye hula kinyesi cha watu, akapata viluwiluwi vya tegu. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo, na mayai ya mnyoo huo yakimezwa na mtu yaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Tena ipo homa ya nguruwe ya Kiafrika, iliyoelezwa kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri na kupe huibeba, na haina tiba. Marekani haijawahi kuingiwa na homa hiyo, na hilo ndilo linalompa mkulima wa Shenandoah uhuru wa kuwaacha wanyama wake msituni, ndani ya waya.

Uhuru wake katika soko ni mdogo zaidi. Mwaka 1980 Marekani ilikuwa na mashamba ya nguruwe zaidi ya 600,000. Mwaka 2022 yalibaki takriban 60,000, wala idadi ya nguruwe haikupungua. Walikusanyika kwa wachache, na machinjio nayo yakawa majitu: lile la Tar Heel, katika jimbo jirani la North Carolina, lilijengwa kuchinja nguruwe wapatao 32,000 kwa siku. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipowaangusha wafanyakazi, baadhi ya majitu hayo yalifungwa kwa wiki kadhaa, na nguruwe waliokomaa wakauawa bila kuliwa. Watu wa mijini wakakumbuka kwamba wapo wakulima. Mafungu yakaisha, na wachinjaji wadogo wakajaziwa daftari hadi mwaka uliofuata, hata mkulima aliyepata wanunuzi kwa mara ya kwanza bila kuwatafuta akakosa siku ya kuchinja. Nguruwe wake wakazidi kunenepa malishoni, wakila mahindi kila asubuhi. Tangu hapo, mfugaji mwangalifu wa bondeni huandikisha siku yake kwa mchinjaji kabla hajanunua watoto wa nguruwe.