Hesabu ya Balbu ya Wati 60

Katika shule za sekondari za Afrika ya Mashariki, kwa miaka mingi baada ya uhuru, hesabu ya umeme ilianzia kwenye balbu, na balbu yenyewe ilipendwa iwe ya wati 60 iliyounganishwa kwenye volti 240. Upendeleo huo ulikuwa na sababu. Volteji, yaani msukumo unaoupeleka umeme kwenye waya, ikiwa 240, na nguvu, yaani kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde, ikiwa wati 60, mkondo unaopita hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa volteji, nao ni robo ampea kamili. Kisha volteji ileile ikigawanywa kwa mkondo huo hutoa ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huuzuia mkondo kupita, nao ni omu 960. Namba zote zilitoka safi bila mwanafunzi kufungua majedwali ya logi, jambo lililokuwa na thamani kubwa kabla ya vikokotoo kuzoeleka.

Mwandishi wa kumbukumbu hii ni miongoni mwa wale waliofundishwa hesabu hiyo kwa Kiingereza na kuielewa kwa Kiswahili nje ya darasa, na ugumu wake haukuwa katika kugawanya bali katika maneno. Kwa msemaji wa kawaida, neno «nguvu» hubeba kila kitu, kuanzia msuli wa mchukuzi hadi mwanga wa taa, na hata sasa taa inapofifia jioni watu husema umeme ni mdogo, bila kuhitaji kujua kama kilichopungua ni volteji au mkondo. Wanataaluma walilazimika kuligawa neno hilo, wakatenga kani, nguvu na nishati, na «ukinzani» ukapata makao yake katika kamusi za istilahi, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Ni neno lililochaguliwa vizuri, kwa kuwa mtu anayejua maana ya kukinza ameshaelewa nusu ya somo.

Kanuni yenyewe ni ya Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Köln, Ujerumani, alipofanya majaribio yake ya mwaka 1826 na kuchapisha kitabu chake mwaka uliofuata. Betri za wakati wake zilikuwa zikichoka katikati ya kipimo, kwa hiyo akaziacha na kuzalisha umeme kwa metali mbili zilizounganishwa pamoja, kiungo kimoja kikiwa kwenye joto la maji yanayochemka na kingine kwenye baridi ya barafu, ili msukumo usibadilike wakati anabadilisha urefu wa waya. Baadaye, James Joule wa Uingereza alionyesha mwaka 1841 kwamba joto linalozalishwa kwenye waya hufuata ukinzani ukizidishwa kwa mraba wa mkondo. Darasani, fomula za wote wawili zilifika; uangalifu wa Ohm kuhusu jotoridi haukufika.

Pengo hilo lilionekana mara tu mwanafunzi alipokabidhiwa mita. Iliyojulikana sana ilikuwa Avo, mita nzito ya Kiingereza yenye mshale, na chini ya mshale kulikuwa na kioo chembamba, ambacho msomaji alikitumia kuhakikisha kwamba mshale umeifunika taswira yake kabla hajasoma namba. (Aliyesahau kuirudisha kutoka kwenye omu kabla ya kupima volteji alijifunza somo la fyuzi siku hiyohiyo.) Balbu ya wati 60 ikipimwa ikiwa baridi, mshale hausimami kwenye omu 960, husimama karibu na 70. Ukinzani huo ukitumika katika hesabu, mraba wa volteji ukigawanywa kwa omu 70, balbu ndogo ya chumbani inageuka kuwa ya zaidi ya wati 800, na mwanafunzi hushuku mita. Mita ni nzima. Waya wa tangsteni ukiwaka hufikia nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara 10, ndiyo maana pia balbu nyingi za aina hiyo hukatika papo hapo swichi inapobonyezwa, wakati mkondo bado ni mkubwa.

Nchini Tanzania, tangu mita za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipoanza kutumika katika miaka ya 1990, hesabu ilihama kutoka kwenye ukinzani kwenda kwenye uniti, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Mnunuzi anayeingiza tarakimu 20 kwenye mita yake anajua vizuri zaidi uniti zitaisha lini kuliko mwanafunzi wa zamani alivyojua bili, lakini volteji imetoweka machoni pake, wakati balbu ya tangsteni nayo imeipisha taa ya LED na nyumba imejaa chaja. Vifaa vingi vya namna hii havina ukinzani mmoja wa kupima: volteji ikishuka, saketi ya ndani huvuta mkondo zaidi ili nguvu ibaki palepale. Kanuni ya Ohm haisemi chochote juu ya kifaa cha aina hiyo, na vitabu vinavyoendelea kuifundisha kana kwamba inatawala kila kitu chenye plagi vinastahili kurekebishwa.

Pasi, hita ya maji na jiko la koili vimebaki upande wa Ohm, kwa sababu waya wa nikromu haubadiliki sana unapopata joto. Fundi akiichomoa pasi ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, akapima waya wake na kupata omu 50 na kitu, waya huo ni mzima, na kasoro aitafute kwenye kamba au plagi.