Tumbusi wa Mara na Kazi Yao

Mtu atokaye Narok kwenda Mara huiona nchi ikifunguka mbele yake kama mkeka uliotandikwa. Nilifika huko mwezi wa Agosti, wakati nyumbu wanapokuja kwa maelfu kutoka Serengeti, upande wa Tanzania, kutafuta majani. Nilidhani nakwenda kumtazama simba. Kumbe aliyenifundisha zaidi ni ndege ambaye watu wengi humchukia, yaani tumbusi.

Kando ya hifadhi nilimkuta mzee wa Kimaasai akichunga ng'ombe wake. Nilimwamkia, na baada ya kujuliana hali nikamwuliza, "Mzee, simba wako wapi leo?" Hakunijibu upesi, bali aliinua fimbo yake juu. "Usiniulize mimi, mwanangu. Waulize wale." Nikaona nukta nyeusi mbili tatu zikizunguka angani. Punde moja ikashuka, kisha ya pili, halafu zikaja nyingine kutoka pande zote.

Tumbusi wa nchi zetu hatafuti mzoga kwa pua, bali kwa macho. Huangalia ardhi, tena humwangalia mwenzake aliye mbali. Mmoja akishuka, jirani yake humwona akafuata, na jirani wa jirani vilevile. Hivyo habari hupita angani upesi kuliko tarishi. Fisi naye huwatazama ndege hao mchana, lakini usiku hutegemea pua yake, na masikio yasikiayo kelele za walaji kutoka mbali. Simba ana macho yaonayo katika mwanga hafifu. Kila mnyama amepewa chombo cha kazi yake, kama seremala na randa yake.

Tulikuta mzoga wa nyumbu. Simba walikwisha shiba. Tumbusi mkubwa mwenye kichwa chekundu aliipasua ngozi ngumu kwa mdomo wake. Wale wenye shingo ndefu zisizo na manyoya mengi wakaingiza vichwa ndani. Bweha aliiba kipande akakimbia. Mifupa iliachiwa fisi, ambaye meno yake huivunja na tumbo lake huiyeyusha. Mavi ya wote hawa hurudi udongoni yakawa mbolea, majani yakaota, nyumbu akala, na simba akamla nyumbu. Huo ndio mnyororo wa chakula.

Lakini mzee alisema kwa huzuni, "Zamani ndege hawa walilifunika jua." Sababu yake si ngumu kuijua. Simba au fisi akiua ng'ombe, mwenye mali hukasirika, na wako watu wanaotia sumu ya wadudu katika mzoga ili kulipiza kisasi. Huenda simba asirudi kabisa. Lakini tumbusi huja kwa makumi, kwa kuwa mmoja huwaita wote, nao hufa pamoja. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo hasara ya siku moja hailipiki kwa miaka mingi. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Tusidhani kwamba hasara hiyo ni ya ndege peke yao. Huko India, tangu miaka ya 1990, tumbusi wa aina tatu walipungua kwa zaidi ya 95 katika kila 100, kwa sababu ya diklofenaki, dawa iliyotiwa ng'ombe wagonjwa. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa koko wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka pamoja nao. Serikali ya huko ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana haki ya kusikitika, wala sisi tusio na mifugo karibu na simba tusimcheke. Lakini boma imara na mlinzi mwangalifu humfaa kuliko sumu, ambayo yaweza kumwua hata mbwa wake mwenyewe. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nasi tusiwaue wasafishaji wa nchi, maadamu kufa kungalipo.